Mapipa ya Karabidi

Stanleyville, Jumanne, Machi 1954

Eti niandike kwamba Papa Bosco hajui kusoma!

Kwenye meli, karatasi nyekundu zilizobandikwa mapipani zilisema wazi: karabidi ya taa isiguswe na maji, itatoa gesi. Tulipohamisha mapipa kwenye treni, shefu wa stesheni akaniamuru mimi karani wake, "Bandua. Hizo ni za meli, huku sheria iko ingine." Na karatasi za treni hazijafika hadi leo!

Leo saa sita jua likawa kali. Papa Bosco, mkuu wa wapagazi, akayamwagia mapipa yote maji, kama tunavyopoza petroli kila siku. Mawili yenye kutu yakaanza kutoa gesi. Sigara moja tu, tungeteketea sote.

"Kosa ni ya Bosco, hajui kusoma," shefu akasema. "Andika."

Papa Bosco ndiye aliyenifundisha kusoma. Karatasi nilizibandua mimi, kwa mikono hii.

Nimeandika alivyotaka shefu.