Tochi ya Shemeji Wambede

Jumatatu, 3 Machi
Chai. Kidonge cha presha. Kisha meza ya kazi, barazani, mapema kabla jua la hapa Mpumudde halijafika kwenye kiti changu. Miaka ishirini na sita ya magereza nilijaza kitabu cha zamu kila siku. Nimestaafu, mkono haujastaafu. Basi: zamu imeanza salama, walio ndani ni tochi nne.

Moja ni yangu mwenyewe, karibu naimaliza. Bomba la aluminiamu, balbu ya pikipiki, betri mbili kutoka laptopu iliyokufa, moja nyuma ya nyingine. Kila kiungo nimekiziba kwa mpira na gundi. Mvua haiingii. Hata hewa haitoki. Najivunia hilo.

Betri nikiitoa kwenye chaji naipima kwa mita. Ikipita naitia nukta nyekundu, rangi ya kucha ya mke wangu, Mama Sera. Amelalamika leo. "Kucha zangu ziko uchi, betri zako zinaenda harusini."

Pacha wa tochi hii nilimpelekea kaka yake Mama Sera, Wambede, kule Mbale, wiki tatu zilizopita. Zawadi. Yeye naye ni mstaafu wa magereza, ana ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba.

Jumanne, 4 Machi
Imepasuka.

Saa tano asubuhi. Niliiwasha nione itakaa muda gani. Ikafifia. Bomba likawa moto. Mtu mwenye akili angeiacha na kuondoka. Mimi niliishika ili niifungue. Kifuniko kilipita karibu na sikio kikatoboa bati. Moshi mchungu, bado nakohoa.

Mama Sera alikuja na ndoo ya mchanga, akaumwaga juu ya meza, kisha akanitazama mkono. Hakunitania. Hapo nikajua ni vibaya.

Zahanati. Vidole viwili vya kushoto vimefungwa. Siogopi. Sisikitiki. Ni kama nasikiliza redio ya jirani.

Jumatano, 5 Machi
Nimepima betri zilizobaki kwenye kopo, zote zenye nukta. Nyingine zimeshuka zenyewe bila kazi. Zilipotoka kwenye chaji zote zilionekana wanajeshi. Nilizipima wakati wa gwaride tu.

Nilivyoelewa ni hivi. Ukifunga betri nzima na betri chovu pamoja, nzima inamburuta mwenzake hata akishakwisha. Chovu inachemka, inatoa gesi. Kama bomba lina pa kupumulia, utapata moshi. Kama fundi mwerevu ameliziba kwa mpira na gundi, ametengeneza risasi.

Tochi ya Wambede nimeiziba vilevile. Na Wambede anapokamua alfajiri huishika tochi kwa meno. Miaka yote. Nimemwona.

Nikampigia. Akapokea akicheka. "Afande, hii taa yako si mchezo. Kila asubuhi nashika na meno, nakamua, mpaka ng'ombe ya jirani inasikia wivu."

Nilipaswa kusema. Nilikuwa nimemsifia tochi ile mbele ya ukoo mzima. Nikasema nataka kuibadilishia swichi, airudishe kidogo.

"Zawadi ya shemeji hairudi nyumbani. Kama ni swichi, kuja huku na swichi yako. Utakula kuku."

Nikakata simu. Mwoga. Naliandika neno hilo hapa kwa sababu hakuna atakayelisoma.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempigia tena, nikamwambia kweli: yangu imepasuka, usiishike kwa meno, usiiwashe kabisa. Amecheka zaidi. "Jana swichi, leo bomu. Kesho utasema nini, Afande? Sema tu unaitamani."

Uongo wa jana umekula ukweli wa leo.

Akaongeza kwamba ng'ombe wake anakaribia kuzaa, siku yoyote sasa. Maana yake atakesha zizini na tochi mdomoni. Kisha simu ikakatika. Mchana kutwa haipatikani.

Mama Sera alisikia yote. Alikunja shati langu, akaliweka juu ya kiti. "Nyumba yake unaijua. Nenda kesho. Na usianze na habari ya swichi."

Ijumaa, 7 Machi
Malukhu, mtaa wa Wambede hapa Mbale, kabla ya saa sita. Wambede alikuwa langoni. Nilihesabu meno yake kabla sijamsalimu. Yote yapo, isipokuwa lile ambalo halikuwepo hata siku ya harusi yangu.

Nikamwonyesha mkono, nikaomba tochi. Akatazama chini. Mke wake ndiye aliyeingia ndani akafungua kabati la vioo. Tochi ilikuwa imelala kati ya vikombe vya wageni, imefunikwa kitambaa cha kushonwa. Imewashwa jioni ya kwanza tu. Ile ya kukamulia ni ileile ya zamani, imefungwa na mpira.

"Kitu kizuri namna hii, niingie nacho kwa mavi?" akasema Wambede. "Nilingoja ndama. Ningeitoa siku hiyo."

Nilikata gundi na kuifungua uani, juu ya mchanga, uso pembeni. Mita: moja karibu volti nne, nyingine haifiki mbili. Zilitoka mkononi mwangu zikiwa sawasawa. Moja imekufa ikiwa imelala tu.

Betri ya kuokota unaipima, unaiacha wiki nzima au zaidi, unaipima tena. Basi. Mimi sikungoja hata siku moja. Kabati la mke wa Wambede limefanya kazi ambayo fundi hakuifanya.

Nilidhani nitasikia nafuu. Nilisikia njaa. Tukala kuku.

Nilitaka kurudi na lile bomba. Wambede alikataa. Amelirudisha kabatini bila betri, kitambaa juu.

Jumapili, 9 Machi
Wamebadilisha bendeji. Vidole viwili havikusikia sindano. Muuguzi anasema labda baadaye.

Betri zote zenye nukta ziko kwenye kopo la mchanga, mbali na ukuta. Tochi tatu zilizobaki nimezitoa mpira na gundi. Mvua iingie ikitaka.

Wambede amepiga simu. Ndama jike, alfajiri ya leo. Alitumia tochi ya zamani, kwa meno. Anasema mwanga ulikuwa mdogo lakini ndama aliona titi.

Jioni Mama Sera alikaa barazani kupaka kucha. Rangi imebaki kidogo chini ya chupa. Akanipa niishike. Niliishika kwa mkono wa kushoto, nikaitazama muda wote, nijue kama bado nimeishika.