Mama Usafi Aliomba Sabuni

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana nimechoka hadi roho. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanawake, kifungua mimba kwetu, na siku ya mshahara wangu ukoo mzima unaijua kuliko mimi, mama anataka dawa, wadogo zangu ada na kodi, na kitindamimba ana ndevu lakini bado ananipigia, "Dada, nimekwama," na miaka yote hii sikuweka hata senti ya uzeeni, nilijidanganya kwamba muuguzi hastaafu, nitawachoma majirani sindano, nitawapima presha, nitakula. Sasa mgongo umekufa kwa kunyanyua wagonjwa, hata kufunga kamba za viatu ni kazi.

Wiki iliyopita tukaletewa wodini kwetu Mama Usafi, ndivyo tulivyomwita sista mkuu aliyenifundisha kutandika kitanda, ukiacha mkunjo kwenye shuka anaivuta yote unaanza upya, alistaafu kwa keki na hotuba baada ya kuwasomesha wadogo zake wote, na hao hao wadogo wakamwacha mapokezi wakisema wanarudi. Hawakurudi. Nikimwogesha akaninong'oneza, "Mwanangu, una kipande cha sabuni unigawie?" Mshauri, nililia chooni.

Kesho yake nikajiunga na akiba ya hiari ya kazini, wakate posho yangu ya zamu za usiku, kisha nikafanya ujinga wa kuwaambia nyumbani. Mama akalia, "Kumbe siku hizi umekuwa mchoyo!" Kitindamimba akanuna. Nikarudi ofisi ya mishahara kuomba wafute, kabla hawajakata hata mara moja. Je, nimeshachelewa? Na nikianza tena, lawama nitazibebaje?

Muuguzi Mgongo Mbovu

Dada Mgongo Mbovu, pole kwa yaliyokukuta wodini. Kwa hilo la kufuta sikupi pole, nakugombeza. Umeyaona kwa macho yako, umeyaogesha kwa mikono yako, halafu chozi la mama na mnuno wa mwanaume mzima vikakurudisha nyuma? Loo!

Mama ana haki ya dawa, mpangie kiasi na usikipunguze. Lakini huyo mwenye ndevu si mgonjwa wako. Akikwama, mwambie na wewe umekwama. Sisemi nao watakuacha mapokezi, sijui. Ninachojua ni kwamba wale wa Mama Usafi nao walikuwa wakimwita dada.

Jumatatu rudi ofisi ya mishahara. Posho ikatwe kabla haijagusa mkono wako, maana ikishagusa si yako tena. Uliza mwajiri anaongezea nini, uliza unaweza kuitoa lini na kwa masharti gani, na usitie sahihi kabla hujaelewa. Kisha funga mdomo. Akiba haitangazwi kama msiba.

Unauliza umechelewa? Umechelewa, sikufichi, na alichopata aliyeanza kijana wewe hukipati. Lakini si ndio nyinyi mnaowafokea wagonjwa, "Mbona mmengoja hadi mmekuwa hivi?" Ukishamfokea, unamrudisha nyumbani? Unamtafutia kitanda, unamtundikia dripu. Basi jitundikie na wewe.

Na leo ukiingia zamu, mpelekee Mama Usafi sabuni nzima. Usimkatie kipande.