Bili ya Maji Uliyokataa Kuilipa

Hassani, mtani wangu,

Arobaini yako imeisha jana, nami nakuandikia ingawa huko uliko hakuna posta. Mkono umezoea. Barua zako zote za kubishana na ofisi ya maji ya Nachingwea, nani aliziandika? Mimi, wa darasa la tatu, niliyekwenda vita vya Bama na bunduki nikarudi na viatu.

Siku ya maziko, hapa Likunja, ulikosa mambo. Wenzio wanalia, mimi nimeshuka kaburini nikajilaza, sitoki mpaka mtani nilipwe changu. Kaka yako aliposimama kuuliza nani anamdai marehemu, nikamkatiza: "Anayemdai maskini huyu aje kwangu! Mimi ninazo!" Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Nikajiona mkubwa.

Matanga hayajaondolewa, akaja. Karani wa maji, na bili ile ile ya nyumba uliyokaa ulipokuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya karanga ya wazungu. Akaishika cherehani ya Bi Zainabu, mkeo, aichukue kufidia deni. Nikaziba mlango. Akanitazama viatu, akasema, "Kumbe wewe ndiye tajiri wa makaburini?"

Hapo nilibanwa, ndugu yangu. Nisipolipa, unalala na deni shingoni na mjane anabaki bila cherehani. Nikilipa, nimekubali kwamba ulikuwa mwongo, wewe uliyesema miaka yote neno moja: "Sikuchota hata kata moja." Nikaona nibishe kwanza. Nikamwambia, soma, ni miezi gani hiyo!

Akasoma.

Hassani... ni ile miezi mitatu uliyokuja huku kumuuguza baba yako. Nyumba uliniachia mimi, na ufunguo. Ndimo nilimofanyia harusi yangu. Bomba la uani lilimwagika mchana kutwa, nami nimesimama kando kama bwana shamba, nawaita akina mama wa mtaa mzima, "Choteni, maji ya wazungu hayana mwisho!" Hata wafyatua matofali niliwaita. Wallahi nilidhani ni ya bure. Na barua zako nikaziandika zote bila kuuliza miezi. Mwandishi mkubwa kama mimi aulize vitu vidogo?

Nilimwekea karani baiskeli yangu rehani, akaiacha cherehani. Siri nikaimeza. Kijiji kizima kikanisifu: huyo ndiye rafiki, analipa deni la maiti. Nikazila sifa hizo mpaka arobaini, na ninazipenda sifa, unanijua. Lakini kila nikisifiwa, wewe unazidi kuwa mwongo.

Jana, baada ya kisomo, nikasimama. Nikasema: Hassani hakuchota. Niliyechota ni mimi. Wenye wali mkononi wakaurudisha sahanini. Kaka yako akainamisha kichwa. Ndipo Bi Zainabu akacheka kule ndani, mara ya kwanza tangu uondoke: "Ala! Kumbe shemeji ulikuwa unaogea bili ya mume wangu!" Wakacheka wote. Mimi sikuweza.

Maana nilikuwa nimekumbuka ile barua ya mwisho. Niliandika kwa mbwembwe kwamba aliyechota maji hayo ni mwizi, atafutwe. Nilipokusomea, ukasema, "Hilo neno mwizi liondoe." Nilikasirika, lilikuwa neno langu zuri kuliko yote. Ukasema tena, taratibu, "Liondoe, bwana. Huenda alikuwa na shida zake."

Shida gani, Hassani? Nilikuwa naoa! Ulijua. Ukakubali kuandamwa na karani mpaka huku shambani, nami kila jioni nikija kwako kunywa uji unanisogezea kigoda.

Leo asubuhi nimekwenda Nachingwea. Baiskeli nimemwachia karani moja kwa moja. Alipoandika stakabadhi akaanza na jina lako, nikamshika mkono. Nikamwambia afute, aandike langu. Akasema haiwezekani, bili ni ya Hassani. Tulibishana mpaka adhuhuri. Nimerudi kwa miguu, na stakabadhi imeandikwa jina langu.

Kwaheri, mtani. Pumzika, hudaiwi. Ufuta wa Bi Zainabu nitauvuna mimi, na nitakuwa napiga hodi kabla ya kuchota maji yake. Kunyamaza makaburini siahidi, hilo nitashindwa. Ila siku yangu ikifika nisogezee kigoda. Nitakuwa nimechoka, maana sasa natembea kwa miguu.

Ni mimi, mchotaji wako.