Udongo wa Ambwene

Jumapili, 8 Juni 2025

Likasi, Kongo. Nimefika saa tisa mchana, mgongo umekufa. Mama Gertrude alikuwa kituoni tangu asubuhi, masikini, na baridi hii.

Yeye ndiye aliyempangisha mdogo wangu Ambwene chumba hapa Shituru, kila lori lao lilipolala mjini. Ndiye aliyemzika pia, mwezi wa pili, lori lilipopinduka njia ya Kambove. Sisi Tukuyu tulipata habari siku ya nne. Ameshazikwa!

Baiskeli ya Ambwene ipo. Nyuma ya mlango, imefunikwa kitenge. Alikuwa anaifunga juu ya lori kila safari, madereva wakimcheka. Huku wanaiita kinga. Mama Gertrude ameipaka mafuta mnyororo mwenyewe.

Mama yangu anataka vitu viwili: baiskeli, na udongo wa kaburi tuuzike nyumbani, pembeni ya baba. Nitaiendesha mpaka Tukuyu. Peke yangu, kupitia Zambia. Ndugu wote wamesema nimechanganyikiwa. Labda. Lakini mimi ndiye niliyemtafutia kazi ya utingo. Nilimsumbua mwaka mzima aache kukaa bure. Basi mimi ndiye nitakayemrudisha.

Jumatatu, 9 Juni

Makaburini. Nilidhani nitalia — nilikasirika tu. Kaburi fupi, msalaba wa mbao, nyasi zimeshaanza. Mstari wa mwisho, karibu na ukuta uliobomoka. Mama Gertrude alipiga magoti akasali rozari nzima kwa Kifaransa. Mimi Mmoraviani nilisimama kama mlingoti.

Nimechota udongo kwa bakuli lake. Kilo mbili hivi, kwenye mfuko wa turubai. Mwekundu, una vijiwe vya kijani ndani. Vizuri, kusema kweli. Nilimuuliza ni vya nini. Akasema huku viko kila mahali, hata kwenye tuta lake la lengalenga, mchicha wa huku, akabadilisha mazungumzo.

Kesho naanza. Naogopa malori.

Jumanne, 10 Juni

Saa 12:30 asubuhi. Mama Gertrude amenifungia mihogo ya kuchemsha. Ananiambia, "Mutoto, ile barabara iko na malori mingi. Kinga si motokari." Nimemwambia najua. Amenikumbatia mpaka nikakosa pumzi.

Saa 4. Nimepumzika. Kilometa kumi na nane tu! Miguu ya mshona nguo hii, imezoea cherehani. Kila mtu barabarani anadhani nauza makaa. Huku baiskeli yenye mzigo haipandwi, inasukumwa, magunia yamepita kichwa cha mwenyewe. Mwanamke aliyeipanda, tena na mifuko pembeni — wanasimama kabisa kunitazama. Mzee mmoja aliniuliza bei. Nikamwambia ni nguo zangu. Hakuamini.

Ila lazima niandike ya kizuizi.

Ni pale mji unapoishia. Kamba imekatiza barabara, askari mmoja, na kibanda cha wanunuzi wa mawe ya madini pembeni. Askari akagusa mfuko wa turubai.

"Yaya, mu hii mufuko muko nini?"

Yaya ni dada, kwa lugha ya huku. Udongo, nikasema. Akacheka. Akamwita mtu wa kibandani, kijana wa jaketi la ngozi, anaitwa Ricky. Ricky akaja na kimashine kama bastola, akakielekeza kwenye udongo wa mdogo wangu. Kikalia. Akasoma namba, akamwonyesha askari.

"Hapa hakuna udongo tu, yaya. Hii iko na cuivre. Uliitosha wapi?"

Cuivre ni shaba, na alitaka kujua nimeitoa wapi. Wakasema mfuko unabaki. Mzigo wa madini hauna karatasi, haupiti. Nikapiga kelele! Nikawaambia hawana haya, huo ni udongo wa kaburi la mdogo wangu, mama yake anausubiri, wautupe kama wanaweza. Askari akavua kofia. Ricky akafanya ishara ya msalaba.

Halafu Ricky akaniuliza taratibu: makaburi gani? Nikamtajia. Mstari wa ngapi? Wa mwisho, nikasema, pale ukuta umebomoka. Akauliza marehemu aliitwa nani. Ambwene, jina liko msalabani. Akasema, "Pole, yaya. Mungu amupumuzishe." Akanirudishia mfuko kwa mikono miwili, akafunga kamba yake yeye mwenyewe.

Hawakutaka hata chai! Nililia kilometa nzima, sasa kwa shukrani. Watu wana utu kuliko tunavyosema.

Saa 6. Kabla ya Kapolowe. Nimekula muhogo mmoja.

Mstari wa ngapi — wa nini?

Mtu anayetaka kumwombea maiti anauliza jina. Haulizi mstari.

Na mimi nilivyo! Darasani nilikuwa naadhibiwa kwa kujibu kabla swali halijaisha. Nina miaka arobaini na tatu bado najibu. Nimewapa makaburi, nimewapa mstari, nimewapa mpaka ukuta. Kilichobaki ni kuwashikia tochi.

Labda nawasingizia. Alifanya ishara ya msalaba.

Nimempigia Mama Gertrude. Hakuniuliza maswali mengi. Alisema tu "Ee, Yezu," akakata. Anaenda kuangalia.

Saa 8. Amepiga.

Wako watano. Wana machepe na magunia. Hawajaanza kwa Ambwene, wameanza pembeni yake, kwa mtu ambaye simjui, mwenye watoto wake pengine. Ricky hayupo. Mlinzi wa makaburi ameambiwa aende kunywa kitu, ameenda. Nikamwambia Mama Gertrude aondoke, watamuumiza. Akasema, "Minye nimeikala hapa juu yake. Bakitaka, bachimbe na minye."

Amekaa juu ya kaburi la Ambwene! Ana miaka sabini na moja. Nimesikia chepe kwenye simu. Karibu kabisa.

Nimegeuza baiskeli. Nimepanda mlima mmoja, mapafu yakagoma, nikatapika muhogo. Hivi sasa niko kando ya barabara nasimamisha magari ya kurudi Likasi. Manne yamepita. Wakiona baiskeli na mifuko wananipungia mkono, wanaondoka. Naandika kwa sababu nikiacha kufanya kitu nitapiga mayowe.

Ningeuacha huu mfuko hapa nyasini, ningekwenda mbio zaidi. Nimeufungua, nimeufunga. Siwezi. Na nikifika nitawaambia nini, watu watano? Nina mkasi na pampu.

Saa 8:40. Simu ikalia, nikajua ni Mama Gertrude. Ni mama, Tukuyu. Anauliza kama nimeanza safari. Nimeanza, nikasema. Anauliza kama udongo ninao.

Nikasema ninao.

Akamshukuru Mungu kwa sauti, nikasikia na majirani wakiitikia. Akasema usiku huu atalala, tangu mwezi wa pili hajalala, sasa anajua mwanawe ametulia. Nikasema ndiyo mama. Lori la kurudi Likasi linakuja, nimesimama katikati ya lami lisinipite.