Kibali cha Saa Kumi

Jumamosi, baada ya Magharibi

Na barua ya kuomba kiwanja nilimfundisha mimi. Zuhura alipoanzisha timu yake ya netiboli nilimkalisha barazani kwangu nikamweleza: ianzie kwa mwenyekiti wa mtaa, iende ofisi ya kata, na kila baada ya miezi mitatu uombe upya.

Mimi mwenyewe sikuomba upya. Miaka yote saa kumi ya Jumamosi ni ya timu yangu, nikajiambia nani ataitaka.

Leo nimetangulia kiwanjani na ndoo ya chokaa, nikachora mistari yote peke yangu. Wasichana wangu walikuwa wanapasha misuli Zuhura alipofika na timu yake, jezi mpya, mkononi kibali chenye muhuri.

"Shikamoo, mwalimu. Nilidhani mmehamia siku nyingine. Mtendaji wa kata kaniambia hana barua yenu."

"Marahaba, mwanangu." Nikatabasamu. Kibali nilikisoma mara mbili nikitafuta kosa. Hakina.

Tukakaa pembeni. Wamecheza juu ya mistari yangu, na wamecheza vizuri, hilo ndilo linaloniuma. Wasichana wangu wakawapigia makofi. Nami nikapiga, mawili matatu.

Jumatatu nitapeleka barua. Lakini yeye ana miezi mitatu mizima.

Sasa hivi, nilipomaliza kuswali, nimejikuta namwomba Mungu mvua. Jumamosi ijayo, saa kumi, pale kiwanjani tu.

Kisha nikaona haya, nikaomba iwe ya rasharasha.