Koti Lililotiwa Kanji

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Darasa la bunduki limeanza. Mhariri anataka makala ya kurasa mbili kuhusu wanawake wanaojifunza shabaha. Nilimwambia siandiki juu ya kitu nisichokishika. Nimejiandikisha kama wengine.

Leo hatukupiga hata risasi moja. Siku nzima ni kuchagua vifaa. Mwalimu ni Yaqdhan, askari mstaafu, wazee wake walitoka Tabora na Kiswahili chake bado kina vumbi la huko. Aliponisikia nikizungumza akauliza kama sisi wa Zanzibar tunaweza kushika kitu kizito kuliko finjani ya kahawa. Nikamuuliza kama Tabora walishawahi kuiona kahawa. Tukaelewana.

Bunduki ni za upepo, shabaha iko mita kumi. Atheer, mhandisi kijana anayesimama ubavuni kwangu, amekimbilia ile nyeusi, nyepesi, yenye skrubu kila mahali. Mimi nimechukua ya mti, kuukuu, nzito. Yaqdhan anasema uzito hutuliza. Ndiyo sababu nimeichukua.

Koti limekuwa tabu. Koti la shabaha ni turubai na ngozi, linambana mtu ili kiwiliwili kisiyumbe. Yaliyobaki stoo ama mapana ama yamechoka. Nimepata lililochoka, nikaruhusiwa kwenda nalo nyumbani.

Jumanne, 7 Oktoba

Usafi. Mtutu si cherehani, amesema Yaqdhan — haumiminiwi mafuta. Unapitishiwa kitambaa kikavu mpaka kitoke cheupe. Mafuta ni tone, juu ya chuma cha nje, basi. Kuna mwanafunzi aliwahi kuujaza mafuta ya nazi, ukumbi ukanuka nywele za bibi harusi mwezi mzima. Alipolisema hilo alinitazama mimi.

Kuna skrubu ya kurekebisha mahali pa kuegemeza shavu. Nimeiangusha. Nimeiangusha tena. Atheer akaichukua akaikaza yeye. Bora angenicheka.

Mkono wa kulia. Unacheza ukiwa umepumzika, haswa pale unapotakiwa usifanye kitu. Ulianza Ramadhani. Miadi ya hospitali nimeisogeza mbele mara ya pili. Nimewaambia nina kazi nyingi. Sina kazi nyingi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Tumepiga. Vibaya! Juu, kulia, chini, kulia kabisa. Yaqdhan hakutania, na hilo silipendi.

Mtihani ni Jumamosi ya wiki ijayo. Anayefaulu anapanda daraja la pili, anayeshindwa anarudia. Nimejiwekea nadhiri ya kijinga: nikifaulu, mkono hauna kitu. Nimeandika habari za afya miaka mingi, najua hicho si kipimo. Lakini nimejiwekea.

Nyumbani sikai. Nimetoka mtaani kwetu Darsait kwa miguu mpaka mtaa wa Ruwi, nikageuza, nikarudi. Mama akanimiminia chai. Nusu kikombe. Nikadhani birika limekwisha. Akajimiminia chake — kikajaa.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimerudi kutoka ofisini, koti halipo msumarini. Mama kalipeleka kwa dobi wa chini ya jengo, pamoja na kanzu za dishdasha za Badr, mtoto wa kaka yangu. Eti nguo ya kutokea mbele za watu haiwi legelege kama kitambaa cha kufutia meza.

Limerudi limesimama kama ubao. Kanji! Tena si kidogo. Dobi kanieleza kwa Kiarabu chake cha Mhindi wa Kerala kwamba mama, Bi Sayyida, alisimama pale pale juu ya kichwa chake, kila akidhani imetosha anamwambia aongeze. Mikononi zaidi.

Muda wa kutafuta jingine haukuwapo, nimelivaa hivyo hivyo darasani, na alama zikaja. Tisa. Tisa. Kumi. Tisa. Yaqdhan akapaza sauti kwamba Zanzibar imeamka. Nimefurahi. Nimefurahi kuliko inavyostahili.

Alhamisi, 16 Oktoba

Tena vizuri. Halafu Atheer, tukiwa tunafuta bunduki, akanieleza habari za Jumamosi. Kabla ya kupiga, mkaguzi anapima makoti. Ana kidude cha chuma kinachobonyeza kitambaa. Kitambaa kikikataa kupinda, koti limekataliwa, kwa kuwa koti gumu mno linampigia mtu shabaha yake. Akaligusa langu kiwikoni. Akanyanyua nyusi.

Nimemuuliza mama kwa nini mikono haswa. Alikuwa anachambua mchele, hakuacha.

“Kanzu za baba yako nikizitia kanji maradufu mikononi,” akasema. “Kitambaa kikisimama, mkono hauonekani ukicheza. Kaenda misibani, kaenda harusini, miaka. Hakujua mtu.”

Nikamwambia mimi sina kitu.

“Sikusema unacho, mwanangu. Nna macho tu.”

Akaendelea na mchele. Mimi nikidhani baba anapenda nguo ngumu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimejaza beseni maji. Nimelishika koti juu ya beseni. Turubai haikauki kwa siku moja, nikajiambia, na likifuliwa litarudi lile lile lililochoka. Nikamwaga maji.

Nimetembea mpaka Ruwi. Nimerudi. Nimetoka tena.

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandika ukumbini, baina ya duru ya kwanza na ya pili.

Mkaguzi anaitwa Khattab, mtu wa mji wa Qurayyat, mpole. Alipofika kwangu nilimwambia kabla hajapima: hili lina kanji. Akadhani namtania. Akalibonyeza kwa kile kidude, sindano ya kipimo ikakaa pale pale. Akacheka. Kisha akaona sicheki, akaacha.

Yaqdhan akanivuta pembeni.

“Dada Mastura, nenda kalifue, uje na darasa lijalo. Nani anakukimbiza?”

Nikamwambia nitapiga bila koti.

“Bila koti hakuna pa kujificha. Kila kinachocheza kitaonekana kwenye karatasi.”

“Najua.”

Akamtazama Khattab. Khattab akasema sheria haimlazimishi mtu kuvaa koti. Nikasimama na shati langu la kazini. Bunduki ya mti, nzito. Safari hii uzito haukutuliza kitu — bega lilichoka mapema, na pumzi nilizisikia mwenyewe. Nilipiga risasi zote. Hakuna niliyoiruka.

Karatasi ya shabaha hurudi kwa waya, polepole. Yangu kabla haijafika Yaqdhan aliitazama kwa darubini. Nikangoja neno la Zanzibar. Akaiweka darubini mezani, akaenda ukutani, akarudi na kiti, akakiweka nyuma ya mstari wangu. Kisha akaenda kusimama kwa Atheer, akanipa mgongo.

Sikuomba kiti.

Nimekikalia, ndipo ninapoandikia haya. Karatasi imefika, iko mapajani, uso chini. Wanaita duru ya pili. Atheer keshasimama. Mimi bado nimekaa, karatasi sijaigeuza.