Masikio Hayashoni

Kwa kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini mgongo wako umepoa, na wifi na watoto hawajambo. Sisi tu wazima, ila kichwa changu kimejisokota kama uzi. Ndiyo maana nakuandikia nikiwa nimefunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hujawahi kulisikia kwangu.

Shule zinakaribia kufunguliwa, na msimu huu sina hata muda wa kujikuna. Sare zimejaa mpaka juu ya kitanda cha binti yangu. Sasa yule fundi anayetutengenezea vyerehani hapa mtaani, naye amefiwa na mkewe kama mimi nilivyofiwa na mume, aliniomba nitafute nafasi tuzungumze. Nikamwambia sina. Akarudi wiki iliyofuata, nikamjibu vilevile. Mara ya tatu akavuta stuli, akachukua sindano na shati, akasema, "Wewe endelea. Mikono ndiyo inayoshona, masikio hayashoni."

Basi kila jioni akawa anatia vifungo huku akisimulia. Vingine alivitia upande usio wake, nikawa navifumua nikicheka peke yangu. Kazi zikachelewa, kaka, na jioni sikuona zinavyokwisha. Nikajiona mpumbavu, mtu mzima mimi. Nikamwambia asije tena mpaka shule zifunguliwe. Akaitikia kwa adabu, akaenda zake. Kilichofuata, nikashona suruali mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. Binti yangu akaniuliza kama naumwa.

Sasa nikwambie lile ambalo sijamwambia mtu. Juzi nililegeza skrubu ya cherehani kwa mkono wangu mwenyewe, nikamtuma binti akamwite fundi, eti kimegoma. Mimi huyu nisiye na muda! Alikikagua, akaikaza skrubu, akanitazama. Kisha akauliza kama ningekubali anioe. Nikasema ndiyo, nikaanza kulia, na mpaka leo sijui nililia kwa furaha au nilimlilia marehemu shemeji yako.

Atakuja kwako Jumapili na baba yake mdogo. Tafadhali usimkatalie, lakini usimkubalie upesi. Muulize maswali mengi, kisha uniambie majibu, maana mimi nilisahau kuuliza lolote.

Mbusu mtoto wa mwisho kwa niaba yangu, na wifi umwambie namkumbuka sana.

Ni mimi mdogo wako,
Sindano